"Eat": kitenzi kifupi chenye ukoo mrefu

Kitenzi "eat" hufundishwa mapema sana katika somo la Kiingereza, na hufundishwa kwa maana moja tu: kula. Ni jibu sahihi, lakini halimfikishi mbali anayeanza kusoma magazeti ya Kiingereza.

Tuanze pale lugha zetu mbili zinapokubaliana. Kutu hula bati, na Mwingereza naye husema "rust eats iron". Gharama zikianza kumega akiba yako, atasema "they eat into your savings". Wazo ni lilelile, kitu kupungua kidogokidogo hadi kiishe. Hata swali "what's eating you?" halihusu chakula. Anayeuliza hivyo ameona umenuna na anataka kujua una nini. "Eat your words" ni kukiri kwamba ulichokisema kwa kujiamini si kweli. Wengine hukifasiri kwa "kula matapishi yako", na kweli vinakaribiana, ila msemo wetu una ukali wa tusi ambao wa Kiingereza hauna. Usimwambie mkubwa wako.

Sasa pale njia zinapoachana. Sisi tunakula kiapo, tunakula njama, tunakula rushwa. Mwingereza hali hata kimoja kati ya hivyo. Kiapo na rushwa kwake vyote viwili huendana na "take". Kiingereza cha Kenya kimejiamulia vingine. Ukisema "they ate the money" Nairobi, kila mtu anaelewa fedha za umma zimekwenda wapi, lakini msikilizaji wa London anaweza kudhani kuna mtu ametafuna noti.

Vijana wa mitandaoni wameongeza maana nyingine. "She ate" ni sifa kwa mtu aliyefanya jambo kwa ustadi wa kupindukia, na chimbuko lake ni lugha ya Wamarekani Weusi. Ukilifasiri "amekula" umepoteza kila kitu. "Kaua" ya vijana wa Dar es Salaam ndiyo inayofaa. Na hiyo "ate", wakati uliopita wa kitenzi chetu, Mmarekani huitamka kama "eit", ilhali Waingereza wengi husema "et". Matamshi yote mawili ni sahihi.

Kuhusu asili, Kiingereza cha kale kilikuwa na "etan". Ndugu zake wa karibu ni "eten" ya Kiholanzi na "essen" ya Kijerumani, na ukipanda juu zaidi unakuta "edere" ya Kilatini. Wanaisimu huyarudisha yote kwenye mzizi mmoja wa kale wa lugha za Kihindi-Kiulaya, "ed-". Kutoka upande wa Kilatini Kiingereza kimepata "edible", kinacholika, na "obese", mnene kupita kiasi.

Ndugu wa kuvutia zaidi amejificha. Ni "fret", kitenzi ambacho leo maana yake ni kuhangaika moyoni. Zamani kilikuwa "fretan", yaani "etan" iliyoongezewa kiambishi cha kutilia mkazo: kula mpaka kuisha, kulafua. Wajerumani bado wana "fressen", wanayoitumia kwa mnyama anapokula, au kwa mtu anayekula kama mnyama. Huko Uingereza maana ilihama, kutoka kulafua hadi kutafuna polepole kama nondo anavyotafuna nguo, kisha ikaingia moyoni. Kwa hiyo anayeuliza "what's eating you?" anarudia picha ambayo "fret" iliibeba kabla yake. "Etch" nayo, kuchora kwenye bamba la chuma kwa asidi, imepitia Uholanzi ikitokea Ujerumani, na kiini chake ni kukifanya kitu kiliwe.

Katika Scrabble, mchezo wa kuunda maneno kwa vigae vya herufi, kila mchezaji akiwa na vigae saba, "eat" ni neno la kimaskini. E, A na T zina pointi moja kila moja, kwa sababu ni nyingi: kati ya vigae 100 vya seti ya Kiingereza, E ni 12, A ni 9 na T ni 6. Mchezaji mzuri halithamini kwa pointi zake bali kwa jinsi linavyopanuka. Weka herufi moja mbele yake upate "beat", "feat", "heat", "meat", "neat", "peat", "seat" au "teat". Livuruge upate "ate", "tea" na "eta", ile herufi ya Kigiriki. Lakini utajiri hasa uko kwenye "eating". Ukiwa na herufi hizo sita kisha ukavuta R, unaweza kuunda "granite", "ingrate" au "tearing". Ukivuta S, kuna "seating", "teasing" na "easting". Kumaliza vigae vyote saba kwa mkupuo kunakuongezea pointi 50, ndiyo maana wachezaji wa mashindano hukariri mafungu kama haya.

Kwenye chemshabongo za mafumbo za magazeti ya Uingereza, "eat" hufanya kazi tofauti kabisa: humwambia msomaji aingize herufi ndani ya neno jingine, kwa maana kwamba neno la nje limeila. Chukua kidokezo hiki cha jibu lenye herufi nne: "Baby's bed eats a garment". Kitanda cha mtoto ni "cot". Kikiila "a", unapata "coat", na "garment", yaani vazi, ndiyo maana ya jibu.