Kazi za mwisho za Cervantes ni zipi?

Katika uhakiki wa fasihi ya Kihispania, "kazi za mwisho" za Miguel de Cervantes ni vitabu vitano vilivyochapishwa Madrid kati ya 1613 na 1617. Kabla ya hapo, mzee huyu aliyezaliwa 1547 alikuwa ametoa viwili tu: La Galatea (1585) na sehemu ya kwanza ya Don Quijote (1605), riwaya inayobeba jina la mhusika wake mkuu.

Vitano hivyo ni Novelas ejemplares (1613), yenye hadithi 12. Shairi refu Viaje del Parnaso (1614). Tamthilia nane pamoja na vichekesho vifupi nane (1615), ambavyo jina la kitabu lenyewe linakiri havijawahi kuchezwa. Sehemu ya pili ya Don Quijote (1615). Na riwaya Persiles (1617), iliyotoka baada ya kifo chake.

Uzito wote uko kwenye sehemu ya pili. Mwaka 1614 mtu aliyejificha nyuma ya jina la Avellaneda alichapisha mwendelezo wa Don Quijote bila idhini. Cervantes alimjibu kwenye dibaji, kisha akakiingiza kitabu hicho ndani ya riwaya yake. Katika sura ya 59 Don Quijote anawasikia wageni wakikizungumzia. Kwa kuwa Avellaneda alimpeleka Zaragoza, yeye anageuza njia kwenda Barcelona. Sura ya 72 anakutana na Álvaro Tarfe, mhusika wa Avellaneda, na kumtaka atamke mbele ya afisa wa mji kwamba Don Quijote aliyemjua siye huyu. Sura ya 74 anakufa, asije mwingine akamwendeleza.

Urithi mkubwa wa sehemu ya pili ndio huo: mhusika anayejua kwamba ameandikwa, na anayekutana na watu waliokwisha kumsoma. Anayesoma toleo lililofupishwa, ambalo aghalabu hukazia vinu vya upepo ambavyo Don Quijote anavishambulia akidhani ni majitu katika sura ya 8 ya sehemu ya kwanza, haonji kabisa jambo hili. Na anayeruka sehemu ya kwanza hataelewa kwa nini kila mtu anamcheka Don Quijote kabla hajafungua kinywa.

Tabaruku ya Persiles ina tarehe 19 Aprili 1616, siku moja baada ya Cervantes kupewa mpako wa wagonjwa, sakramenti ya Kikatoliki kwa aliye mahututi. Alifariki tarehe 22, akazikwa 23. Hivyo ile kauli kwamba alikufa siku moja na Shakespeare, ambaye kifo chake huandikwa 23 Aprili 1616, si sahihi. Isitoshe, Uingereza ilikuwa bado inatumia kalenda ya zamani, iliyokuwa nyuma ya ile ya Hispania kwa siku 10.