Mto Tana hubeba nini zaidi ya maji?

Mafuriko ya Tana yakishapungua, shuka hadi penye tope jipya, pale mto unapopinda. Huenda ukakuta miche imejipanga mstari mrefu, yote kimo kimoja, utadhani imepandwa kwa kamba. Aliyeipanda ni mto wenyewe. Mstari ule unaonyesha maji yalipofika siku mbegu zilipokuwa zikielea, na miche yote ni rika moja.

Ukibahatika, baadhi yake ni popla ya Tana, ambayo kitaalamu huitwa Populus ilicifolia. Ni mti wa asili wa kandokando ya mito ya Kenya, nao uko hatarini. Una miti dume na miti jike, na chavua yake hupeperushwa na upepo. Mbegu zake ni ndogo mno, zimezungukwa na nyuzi laini kama sufi. Hupaa, na zikianguka majini huelea. Shida ni kwamba uhai wake ni mfupi: zisipopata mapema tope tupu, lenye unyevu na lisilo na kivuli, zimekufa.

Sasa fikiria vinasaba vilivyomo ndani ya mbegu hizo. Maji hayapandi mlima. Kwa hiyo wataalamu wengi walitarajia kwamba miti ya chini ya mto ingekuwa na mchanganyiko mkubwa wa vinasaba kuliko ya juu, kwa kuwa kila kinachozaliwa juu huteremka na kurundikana chini. Ni hoja inayoingia akilini. Hata hivyo, mwaka 2010 uchambuzi uliojumlisha tafiti za mimea mingi ya mitoni haukuona mrundikano huo kuwa kanuni. Kuna wabebaji wengine wanaorudisha vinasaba juu, na wa kuvutia kuliko wote yumo ndani ya kuyu, tunda la mkuyu.

Pasua kuyu lililoiva. Maua yamo humo ndani, mamia kwa mamia, yametazamana. Nyigu wa kike, mwenye urefu wa milimita kama mbili tu, huzaliwa humo, hujaza chavua kwenye vifuko vya kifuani, kisha hutoka kwa tundu lililotobolewa na madume. Maisha yake nje ya tunda hayazidi siku mbili. Ungedhani ataishia mti wa jirani. Lakini kule Namibia, kwenye bonde la mto Ugab linalokatiza jangwa, watafiti walipima vinasaba vya mikuyu katika eneo la zaidi ya kilomita 250. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2009, yalionyesha kwamba nyigu hao, wakibebwa na upepo, walikuwa wamefikisha chavua umbali wa hadi kilomita 160. Nami kila nikipita chini ya mkuyu hukumbuka hilo. Huku nyigu akibeba chavua, popo, ndege na nyani hula makuyu na kuzidondosha mbegu popote waendapo, juu au chini ya mto.

Popla haina nyigu wala popo wa kuitumikia, ndiyo maana sura ya nchi huibana zaidi. Hupatikana Tana, Athi na Ewaso Ng'iro. Mito hii yote huchota maji kwenye nyanda za juu za Kenya, lakini Ewaso Ng'iro huishia kinamasi cha Lorian, Athi huingia baharini karibu na Malindi kwa jina la Sabaki, na Tana ina mdomo wake. Mbegu iliyoangukia Ewaso Ng'iro haitakutana kamwe na maji ya Tana. Katikati kuna miinuko na nyika kavu, ambako mche wa popla hauwezi kuota. Watu wa ukoo mmoja wakitenganishwa hivyo kwa vizazi vingi, kila upande hubaki na kilicho chake. Ukipotea msitu wa mto mmoja, haifai kusema mwingine utaziba pengo.

Mabwawa ya mto Tana nayo yamebadili mambo. Kindaruma lilianza kazi mwaka 1968, Masinga 1981, Kiambere 1988. Umeme wake tunauhitaji. Lakini bwawa hupunguza kilele cha mafuriko na kuzuia tope, na bila tope jipya ule mstari wa miche hauonekani. Miti mizee husimama, hutoa mbegu, na hakuna mtoto anayechukua nafasi yake.

Hapo ndipo vikundi vya upandaji vinapoingia, na hapa naomba tusikilizane. Popla huweza kupandwa kwa vipande vya matawi, na kishawishi ni kukata mti mmoja mzuri ulio karibu na kitalu. Vipande mia vya mti huo ni mti uleule mara mia. Ugonjwa mmoja ukiushinda huo, umeishinda yote. Tena kama ulikuwa dume, shamba zima ni madume na halitazaa mbegu hata moja. Kateni kwenye miti mingi iliyoachana mbali, ndani ya bonde la mto huohuo, na msiondoke kabla ya kuipata miti jike. Itambueni msimu wa mbegu, sufi ikiwa bado matawini, kisha muitie alama ya rangi shinani.