Safari za manowari za zamani si siri tena

Familia nyingi hapa Nairobi zenye babu aliyepigana Vita Kuu ya Pili huamini kwamba safari za manowari za Uingereza ni siri ya jeshi hadi leo. Inaeleweka, maana wakati wa vita zilikuwa siri kweli. Lakini sehemu kubwa ya nyaraka za safari hizo ilifunguliwa kwa umma miongo mingi iliyopita. Orodha yake hutafutwa bure mtandaoni, hata kwa simu. Nakala ndizo mara nyingi hulipiwa.

Chukua Khedive Ismail, meli iliyotoka Mombasa kuelekea Colombo ikazamishwa na nyambizi ya Japani tarehe 12 Februari 1944, ikiwa imebeba wanajeshi wengi wa Afrika Mashariki. Vijana hao wanastahili kutafutwa. Usiishie kwenye jina la meli yao: tafuta pia HMS Hawkins, manowari ya Uingereza iliyousindikiza msafara wa meli ilimokuwa Khedive Ismail. Manowari kubwa kama hiyo iliandika kila siku katika daftari lake mahali ilipokuwa, mwelekeo wake na hali ya hewa. Daftari nyingi za manowari ndogo za vita hivyo hazikuhifadhiwa, kwa hiyo huko tegemea ripoti za msafara. Na angalia mwaka kwa makini, kwani jina moja hupewa meli kadhaa.