Gari Limeuzwa, Ugomvi Umebaki: Dhana Potofu na Ukweli kuhusu Mauziano ya Gari Lililotumika nchini Uganda

Mwaka juzi niliuza gari langu dogo mjini Busia, upande wa Uganda. Hati tuliiandika kwenye meza ya duka la fotokopi, mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, akagonga muhuri wake, nami nikahesabu fedha nikaamini kwamba jambo limekwisha. Siku ya kumi na moja mnunuzi alinijia akiwa na fundi wake, na mkononi ameshika gasketi ya silinda hedi iliyoungua, imefungwa katika gazeti. Alitaka fedha zake zote. Mimi nilimwonyesha mstari mmoja tu katika hati, "gari limeuzwa kama lilivyo", nikadhani umenikinga. Baadaye nilitambua kwamba sote wawili tulikuwa tumekosea, na makosa yetu ndiyo yale yale ninayoyasikia kila gari linapobadilisha mikono kati ya watu binafsi.

Dhana: mnunuzi ana siku kadhaa za kulirudisha gari. Wengine husema wiki moja, wengine mwezi. Ukweli ni kwamba sheria haimpi mnunuzi muda wa aina hiyo katika mauzo ya mtu na mtu, isipokuwa wenyewe wawe wamekubaliana. Sharti la ubora ambalo Sheria ya Mauzo ya Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya mwaka 2017 inaliingiza katika mkataba hata lisipotajwa humwelemea hasa anayeuza katika shughuli zake za biashara, kama vile mwenye bondi, yaani yadi ya kuuzia magari, kule Kampala. Anayeuza gari lake la nyumbani hawajibiki kwa sababu tu giaboksi imekufa wiki mbili baada ya makabidhiano. Mnunuzi alikuwa na nafasi ya kuleta fundi na kulikagua kabla ya kulipa.

Dhana: maneno "kama lilivyo" humwondolea muuzaji kila lawama. Hapa ndipo nilipoteleza mimi, na ndipo panapostahili maelezo marefu zaidi. Maneno hayo yanagusa hali ya gari, lakini hayagusi uongo. Ukisema gari ni la mwaka 2010 na kumbe ni la 2004, umeuza kitu kisicholingana na maelezo yake, na mnunuzi ana haki ya kudai hata kama wewe si mfanyabiashara. Kunyamaza kwenyewe, kwa kawaida, si udanganyifu, lakini kuficha kwa makusudi ni udanganyifu: mtu anayekata waya wa taa ya onyo kwenye dashibodi ili isiwake, au anayerudisha nyuma odometa (kipimo cha kilomita), hawezi kujifunika kwa mstari mmoja wa hati. Ridhaa iliyopatikana kwa udanganyifu humruhusu aliyedanganywa kuuvunja mkataba. Vilevile muuzaji, awe nani, huhesabiwa kuwa ameahidi kwamba ana haki ya kuliuza gari hilo. Likija kubainika kuwa liliibwa, atarudisha fedha hata kama yeye mwenyewe alilinunua kwa nia njema bila kujua.

Kwa sababu hiyo ninawasihi wauzaji waandike kasoro wanazozijua. Wengi huogopa kwamba kasoro iliyotajwa itashusha bei, na ni kweli itaishusha kidogo. Lakini kasoro iliyoandikwa na kutiwa saini na mnunuzi hairudi tena mlangoni kwako kama shtaka.

Dhana: tumeshikana mikono mbele ya mashahidi, inatosha. Sheria ya Mikataba ya mwaka 2010 inataka mkataba wa thamani inayozidi alama 25 za fedha, yaani shilingi 500,000, uwe wa maandishi, na hakuna gari linalotembea barabarani ambalo bei yake iko chini ya hapo. Hata hivyo sheria hiyo hiyo inakubali maandishi ya kielektroniki, kwa hiyo ujumbe mliotumiana kwa simu ni sehemu ya ushahidi. Usiufute. Hati nayo itaje namba ya chesisi na namba ya injini, si namba ya usajili pekee.

Dhana: nikishamkabidhi kadi ya gari na fomu niliyotia saini, gari si langu tena. Kati yenu wawili huenda ikawa hivyo. Kwa serikali, mtu ambaye jina lake limo katika usajili huchukuliwa kuwa ndiye mwenye gari mpaka ithibitishwe vinginevyo, na muhuri wa LC1 haubadilishi jina katika daftari la magari. Mnunuzi asipohamisha umiliki, faini za barabarani zitakufuata wewe, na likitokea la kugonga na kukimbia, polisi wataanza kubisha kwako. Mwezi wa Juni 2025, mfumo wa faini za kamera ulipoanza kabla ya kusitishwa muda mfupi baadaye, wapo waliotambua kwa mshtuko kwamba magari waliyoyauza zamani bado yalikuwa na majina yao. Ni heri kuanzisha uhamisho siku ile ile ya malipo, mkiwa pamoja.

Mnunuzi naye asidhani kwamba kuiona kadi halisi kunatosha. Gari linaweza kuwa limewekwa rehani, na tangu Sheria ya Dhamana za Mali Zinazohamishika ya mwaka 2019 kuna daftari linalotunzwa na URSB, ofisi ya serikali ya usajili, ambamo rehani za namna hiyo husajiliwa na kutafutwa.

Dhana: mnunuzi asipomaliza awamu, nitalichukua kwa funguo ya akiba. Dhana hii imewatia watu wengi matatani. Hati isiposema lolote, umiliki wa gari lililo tayari kukabidhiwa huweza kuhama pale mnapokubaliana, hata kama sehemu ya bei inalipwa baadaye. Kilichobaki mkononi mwako ni deni, na gari ni la mwenzako. Ukilichukua usiku, wewe ndiwe utakayeshtakiwa. Anayeuza kwa awamu aandike waziwazi kwamba umiliki utabaki kwake mpaka shilingi ya mwisho, na mambo yakiharibika aende mahakamani.

Dhana: polisi ndio watakaorudisha fedha. Kujipatia fedha kwa hadaa ni kosa la jinai lenye kifungo cha hadi miaka mitano, lakini linahitaji uongo kuhusu jambo lililopo au lililopita, pamoja na nia ya kulaghai. Injini iliyokufa si jinai. Wala mshukiwa hawezi kuwekwa rumande ya polisi zaidi ya saa 48 bila kufikishwa mahakamani ili ashinikizwe kulipa. Madai yasiyozidi shilingi milioni 10, kama gharama za matengenezo, yana utaratibu wa madai madogo mahakamani, ambamo mtu hujieleza mwenyewe bila wakili. Muda wa kudai juu ya mkataba ni miaka sita.

Mimi na yule mnunuzi hatukufika huko. Katika simu yake tuliukuta ujumbe nilioutuma siku tatu kabla ya mauzo, nikimwambia kwamba rejeta iliwahi kuvuja na kuchomelewa, na kwamba asipande mlima bila kuangalia maji. Tulilipeleka gari kwa fundi wa tatu ambaye hakumjua yeyote kati yetu. Akalifungua tukiwa tumesimama kando, akatuonyesha mshono wa rejeta uliokuwa umeachia. Mnunuzi alikiri kwamba aliuona ule ujumbe na hakuangalia maji. Nami nilikiri kwamba mshono ule sikuuandika katika hati. Nililipia rejeta, yeye akalipia gasketi, tukaandikiana karatasi ya pili, na mchana ule ule tukaanzisha uhamisho wa jina ambao tulikuwa tumeuacha kwa siku kumi na moja.