Je, wajua? Sheria inawezaje kumwandika mtu hayupo, naye yupo?

Ikitajwa ardhi waliyoipoteza Wapalestina katika vita vya 1948, Israel ilipoundwa, wengi humfikiria mkimbizi aliyevuka mpaka: yeye yuko kambini Lebanon au Jordan, nyumba yake imebaki Israel. Kwa watu wapatao 700,000 ndivyo ilivyokuwa. Lakini wapo waliopoteza mashamba bila kutoka nchini. Walibaki ndani ya Israel, wakapata uraia na haki ya kupiga kura, na bado ardhi yao ikahesabiwa kuwa mali ya watu wasiokuwepo. Makadirio ya idadi yao yanatofautiana, ila walikuwa makumi ya maelfu.

Chukua Saffuriyya, kijiji kikubwa cha Galilaya kilichosifika kwa makomamanga. Jeshi la Israel lilikiteka Julai 1948. Baadhi ya wakazi walikimbilia Lebanon, wengine wakaishia Nazareth, kama kilomita sita tu kutoka nyumbani. Huko wana mtaa wao hadi leo, Safafra. Mwaka 1949 wahamiaji wa Kiyahudi walianzisha makazi ya Tzippori kwenye ardhi ya kijiji.

Chombo kilichotumika ni Sheria ya Mali za Wasiokuwepo ya 1950. Sheria hii haiulizi uko wapi sasa, inauliza ulikuwa wapi wakati ule. Inaanza kuhesabu tarehe 29 Novemba 1947, siku Umoja wa Mataifa ulipopitisha azimio la kuigawa Palestina. Raia wa Palestina aliyeacha makazi yake akaenda sehemu iliyoshikwa na majeshi yaliyopinga kuundwa kwa Israel, hata ikiwa ndani ya Palestina, anahesabiwa hayupo. Nazareth yenyewe ilikuwa mikononi mwa wapiganaji wa Kiarabu hadi 16 Julai 1948.

Ni kama rejesta ya darasa. Mwalimu anaita majina asubuhi, na mtoto aliyezuiwa na mto uliofurika anaandikwa hayupo. Saa nne anafika, anaingia, anajibu maswali, darasa zima linamwona. Alama kwenye rejesta haifutwi, na dawati lake ameshapewa mwingine.

Hapa ndipo dhana nyingine inapohitaji kusahihishwa, ile ya kwamba vita ndivyo vilivyochukua kila kitu. Vita viliwaondoa watu. Umiliki uliondolewa na karatasi. Mali ya "asiyekuwepo" iliingia kwa Msimamizi maalumu wa serikali. Cheti chake cha maandishi kikisema fulani hayupo, ni juu ya huyo fulani kuthibitisha vinginevyo. Msimamizi aliruhusiwa kuiuza ardhi kwa Mamlaka ya Maendeleo, nayo ikaipeleka kwa wengine. Hata ikigundulika baadaye kwamba mali haikupaswa kuchukuliwa, mauzo yaliyofanywa kwa nia njema yanabaki halali. Na kipindi kinachohesabiwa kinaisha pale tu hali ya dharura iliyotangazwa Mei 1948 itakapoondolewa. Haijaondolewa hadi leo: tangu miaka ya 1990 Bunge la Israel limekuwa likiirefusha.

Karatasi za namna hiyo ziliandikwa Baghdad pia. Machi 1951 serikali ya Iraq ilizuia mali za Wayahudi waliojiandikisha kuukana uraia ili wahame. Watu zaidi ya 100,000 walifika Israel wameacha nyumba, maduka na akiba zao. Yeyote anayezungumzia fidia kwa dhati anapaswa kuwa na mafaili yote mawili mezani.

Katika mazungumzo ya amani, suala la wakimbizi huzungumzwa kama jambo la walio nje, na mwaka 2000 lilitajwa wazo la mfuko wa kimataifa wa kuwafidia. Watu wa Safafra hawamo humo, kwa sababu ni raia wa Israel. Kwa maoni yangu, hapo ndipo penye nafasi: dai lao halihitaji mpaka mpya wala mkataba na nchi yoyote, linahitaji kura za wabunge. Bunge hilo lilikwisha jaribu upande mmoja wa jambo hili mwaka 1973, lilipotunga sheria ya kuwalipa fidia wakazi wa Israel walioandikwa hawapo. Wengi hawakwenda kudai. Kupokea pesa zile kulimaanisha kukubali kwamba shamba limekwisha kuuzwa, na wao walikuwa wanadai shamba.