Umejuaje? Kazi ya mtaalamu wa visukuku, kutoka mwambani hadi kwa msikilizaji

Kila tunapoandaa meza ya maonyesho, huwa natanguliza vitu viwili: jino la dinosaria lililofinyangwa kwa plasta, na kipande cha mfupa halisi kisichovutia hata kidogo, cheusi, ukubwa wa kidole gumba. Watu wazima hukimbilia jino. Huuliza mnyama mwenyewe alikuwa na ukubwa gani, alikula nini, angeweza kummeza mtu? Nawajibu kwa furaha. Lakini mara kwa mara anatokea mtoto, aghalabu yule aliyekuwa amesimama nyuma kimya, anakishika kile kipande cheusi, anakigeuzageuza, halafu ananitazama usoni: "Umejuaje kama huu ni mfupa, si jiwe?"

Swali hilo ndilo linalobeba taaluma nzima ya paleontolojia, yaani elimu ya viumbe wa kale kupitia visukuku, mabaki yao yaliyohifadhiwa ardhini. Tena ndilo linalomtofautisha mwanasayansi anayeelimisha umma na mtu anayesimulia maajabu tu. Kutaja urefu wa mnyama aliyetoweka ni rahisi. Kazi ni kueleza tumejuaje, kwa ushahidi upi, na ushahidi huo unaishia wapi.

Basi humpa yule mtoto lenzi ya mkononi. Akitazama vizuri pale kipande kilipovunjika, anaona vitundu vidogo vidogo kama vya sifongo. Mfupa una vitundu hivyo kwa sababu ulipokuwa hai ulipitiwa na mishipa ya damu. Mnyama alipokufa akafukiwa na tope kabla hajaliwa wala kuoza kabisa, maji ya ardhini yalipenya humo yakiwa yamebeba madini, na madini yakabaki. Ndiyo maana kipande kina uzito kuliko mfupa wa mnyama aliyekufa juzi. Porini tunayo njia nyingine ya haraka, ambayo mezani haturuhusu mtu kuijaribu: kukigusisha kwenye ncha ya ulimi. Mara nyingi mfupa wa kale hunata, jiwe halinati.

Wengi hutuchanganya na wanaakiolojia. Wao hushughulikia vitu alivyoviacha binadamu: zana, vyungu, makaburi, misingi ya nyumba. Sisi tunashughulikia viumbe wenyewe, kuanzia vijidudu na mimea hadi nyangumi. Tunakutana kwenye habari za zamadamu, yaani mababu wa kale wa binadamu na ndugu zao, na hapo mara nyingi tunachimba shimo moja.

Jambo ambalo watu hawalitarajii ni kwamba utafutaji huanzia kwenye ramani. Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Tiktaalik. Wataalamu wa visukuku wa Marekani, Neil Shubin, Ted Daeschler na wenzao, walitaka kumpata samaki aliyekuwa njiani kuelekea kuwa mnyama wa miguu minne. Visukuku vilivyojulikana wakati huo vilionyesha kwamba kabla ya takriban miaka milioni 385 iliyopita, kati ya wanyama wenye uti wa mgongo, kuna samaki tu, na kufikia miaka milioni 365 hivi tayari wapo wenye miguu minne. Kwa hiyo walihitaji miamba ya umri wa katikati, iliyotokana na mashapo ya mito na maji ya kina kifupi, na iliyo wazi bila kufunikwa na msitu wala miji. Ramani ya jiolojia iliwaelekeza kaskazini kabisa mwa Kanada, kwenye baridi kali. Walianza kwenda huko mwaka 1999. Walirudi mikono mitupu, wakaenda tena, wakarudi na vipande visivyojibu swali lao. Mwaka 2004, katika kisiwa cha Ellesmere, wakakuta pua bapa imechomoza kwenye mwamba wa miaka milioni 375: samaki mwenye magamba na mapezi, lakini ana shingo, na ndani ya pezi mna mifupa inayolingana na kifundo cha mkono wako. Walikuwa wamekisia mahali na umri kabla ya kumwona mnyama. Nikiulizwa kama kazi hii ni ya kubahatisha, huwa nasimulia habari hii.

Hata hivyo, ramani haikuokotei mfupa. Kwa hilo unahitaji jicho, na jicho halifundishwi darasani peke yake. Kamoya Kimeu wa Kenya alianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kama kibarua wa kuchimba katika kikosi cha Louis na Mary Leakey, watafiti wa zamadamu, na elimu yake ya shule ilikuwa ya msingi tu. Agosti 1984, karibu na Nariokotome magharibi mwa Ziwa Turkana, alitoka kutembea wenzake wakiwa wanapumzika, akaona kipande kidogo cha fuvu kikiwa kimelala katikati ya kokoto za rangi ileile. Mtu mwingine angekikanyaga akapita. Kilipofuatiliwa kikazaa sehemu kubwa ya mifupa ya kijana wa Homo erectus, aina mojawapo ya zamadamu, aliyeishi takriban miaka milioni 1.5 iliyopita, na hadi leo ni miongoni mwa mifupa kamili zaidi ya zamadamu iliyowahi kupatikana. Mwaka uliofuata Kimeu alitunukiwa nishani ya National Geographic, akakabidhiwa na Rais wa Marekani. Alifariki mwaka 2022. Kuna jamii mbili za nyani wa kale zilizopewa jina lake. Nawaomba walimu wamtaje darasani, maana wanafunzi wengi hudhani ugunduzi hufanywa na mwenye shahada aliyevaa koti jeupe.

Baada ya kuona ndipo subira inapoanza. Mfupa huchimbuliwa pamoja na udongo wake, hufunikwa kwa karatasi laini, kisha huzungushiwa vitambaa vilivyochovywa kwenye plasta, kama mguu uliovunjika unavyofungwa hospitalini. Kazi ya porini huchukua wiki chache kwa mwaka. Miezi iliyobaki ni ya karakana, maabara na dawati. Mwaka 2011, katika mgodi wa mchanga wa mafuta huko Alberta, Kanada, mwendesha mashine aliona bamba la mwamba lenye mistari ya ajabu, akasimamisha kazi. Ilikuwa dinosaria mwenye deraya, wa takriban miaka milioni 110, ngozi na magamba yake yakiwa bado mahali pake. Fundi Mark Mitchell wa Makumbusho ya Royal Tyrrell alitumia saa 7,000, zilizotandazwa katika zaidi ya miaka mitano, kuondoa mwamba chembe kwa chembe. Mwaka 2017 mnyama huyo alipewa jina Borealopelta markmitchelli. Nilifurahi sana kuona jina la kisayansi limekwenda kwa fundi. Kazi yake ndiyo iliyowawezesha wengine, miaka mitatu baadaye, kutangaza kwamba tumboni mwa mnyama huyo mlikuwa na mabaki ya mlo wake wa mwisho, hasa majani ya mimea aina ya kangaga (fern).

Kijana anayetaka kuingia humu asome jiolojia au biolojia, na akiweza asome zote mbili. Anatomia na takwimu zitamfuata tu. Nafasi za ajira ni chache, sitamficha. Wengi wetu tuko makumbusho au vyuo vikuu, na wapo wanaofundisha anatomia kwa wanafunzi wa udaktari. Utafiti wa kujitegemea karibu kila mahali unadai shahada ya uzamivu. Ila mafundi wa karakana, wachoraji, waongozaji wa maonyesho na watunzaji wa mikusanyo hawaingilii mlango huo, na bila wao hakuna jumba la makumbusho linaloweza kufunguliwa.

Halafu kuna kuwaeleza watu. Kwa muda mrefu nilidhani ni kazi ya ziada, ya kufanya utafiti ukishaisha. Sidhani hivyo tena. Kizuizi cha kwanza ni muda wenyewe, kwa sababu neno "milioni" halisemi chochote kichwani mwa mtu. Mimi hutumia sekunde. Fanya kila mwaka uwe sekunde moja, kisha uhesabu kurudi nyuma. Maisha ya mzee wa miaka 70 ni dakika moja na sekunde kumi. Miaka 2,000 ni kama nusu saa. Zamadamu walioacha nyayo zao kwenye majivu ya volkano huko Laetoli, Tanzania, miaka milioni 3.66 iliyopita, utawafikia baada ya siku 42. Dinosaria wakubwa wa mwisho, wa miaka milioni 66 iliyopita, utahesabu sekunde usiku na mchana kwa miaka miwili na zaidi ya mwezi mmoja. Nikifika hapo ukumbi hunyamaza. Kisha mtu huuliza: na hiyo 3.66 mmeipataje? Hapo naeleza kwamba fuwele za majivu ya volkano zina potasiamu, kwamba sehemu ndogo yake ni ya mionzi na hubadilika kwa mwendo usioharakishwa wala kucheleweshwa, na kwamba gesi ya agoni inayozaliwa hubaki imenaswa ndani ya fuwele. Ukipima vyote viwili, umepata saa.

Kizuizi cha pili ni kigumu zaidi: kukubali hadharani kwamba tulikosea. Dinosaria aitwaye Iguanodon alipochongwa kwa ajili ya bustani ya Crystal Palace jijini London mwaka 1854, mfupa wake mmoja wenye ncha kali uliwekwa puani, kama pembe ya kifaru. Mwaka 1878 wachimba makaa ya mawe wa Bernissart, Ubelgiji, walikuta mifupa ya wanyama zaidi ya 30 wa Iguanodon, mingine ikiwa imeungana kama ilivyokuwa mwilini. Ile "pembe" ilikuwa kidole gumba. Oviraptor, dinosaria mwingine, naye alipewa jina lenye maana ya mwizi wa mayai mwaka 1924, kwa kuwa alikutwa Mongolia juu ya kiota kilichodhaniwa ni cha mnyama mwingine. Mwaka 1993 yai la aina hiyohiyo likapatikana likiwa na kijusi ndani, na kijusi kilikuwa cha ukoo wake mwenyewe. Mama, au pengine baba, alikuwa na mayai yake. Jina la aibu limebaki kwa sababu kanuni za kutaja viumbe haziruhusu kulifuta kirahisi.

Wapo wenzangu wanaoogopa kusimulia haya, wakidhani watu watasema sayansi haiaminiki. Uzoefu wangu ni kinyume. Mtu akionyeshwa kosa, kilicholisababisha na mfupa uliolirekebisha, huondoka akiwa na imani zaidi, kwa kuwa sasa anajua tunavyofikia jibu. Mkanganyiko hutokea pale tunapotangaza dhana kama hukumu, kisha kimyakimya tunabadilisha bango la maonyesho.

Tena ipo sababu ya kuzungumza na umma iliyo ya moja kwa moja kabisa: ninyi ndio mnaoona visukuku kwanza. Yule wa Alberta alikuwa mwendesha mashine, wale wa Bernissart wachimba makaa. Patagotitan, mmoja wa wanyama wakubwa kuliko wote waliotembea nchi kavu, alianza kuonekana na mfanyakazi wa shamba katika mkoa wa Chubut, Argentina. Mvua inapokata korongo, mkulima na mchungaji wako pale siku hiyohiyo. Sisi tutafika baada ya miezi, tukibahatika kusikia.

Kwa hiyo ukikuta kitu kinachofanana na mfupa kikitokeza kwenye mwamba, usiking'oe, hata kama kinaelekea kuanguka. Mfupa uliotolewa bila kumbukumbu ya mahali pake umepoteza tabaka lake, na tabaka ndilo lenye umri. Weka kando yake kitu ambacho ukubwa wake unajulikana, kalamu au sarafu, upige picha ya karibu na nyingine ya mbali inayoonyesha mazingira yote. Andika mahali penyewe kwa usahihi, au hifadhi alama ya ramani kwenye simu. Kisha wasiliana na makumbusho au idara inayosimamia mambo ya kale ya nchi uliko, maana katika nchi nyingi kukichukua au kukiuza bila kibali ni kosa la jinai. Na ukitufikia na picha zako, jiandae: kabla hatujakueleza ni mnyama gani, tutakuuliza ulikiona wapi hasa, kwenye tabaka lipi, na umejuaje kama ni mfupa.