Jino limezibwa juzi, mbona kizibo kishatoka?

Malalamiko tunayoyapata sana kliniki ya meno hapa Unguja ni haya: daktari, nimeziba juzi tu kwa ile dawa nyeupe na kizibo kishatoka, au kipo lakini nikinywa maji ya baridi nasikia mchomo mpaka kichwani. Wengi wanadhani wamewekewa dawa feki. Mara nyingi dawa haina kosa, tatizo liko pale ilipogandia.

Kile kizibo cha zamani cha rangi ya fedha kinashikwa na umbo la tundu, ndani pachongwe papana kuliko mdomo wa tundu basi hakitoki. Hiki cheupe, kompositi, kinategemea gundi. Enameli, lile ganda gumu la nje la jino, haina taabu, karibu asilimia 96 ya uzito wake ni madini, na tangu 1955 Michael Buonocore wa Marekani alionyesha kuwa ukiipaka asidi inashika vizuri. Shughuli ipo kwenye dentini, sehemu ya jino iliyo chini ya enameli. Hii madini ni kama asilimia 70 tu, ilobaki nyuzi za protini ziitwazo kolajeni na maji, na imejaa vijitundu vyenye majimaji, yani unagandisha kitu kwenye ukuta unaotoa jasho!

Tunapaka asidi ya fosforiki, asilimia 37 hivi, kwenye dentini isizidi sekunde 15, halafu tunaosha, madini ya juu yanaondoka nyuzi zinabaki wazi. Hapa ndo panapoharibika. Ukipuliza upepo mpaka pakauke kabisa nyuzi zinalala zinashikana, gundi haipiti tena, na ukiacha maji mengi gundi inachujuka, panatakiwa pang'are kwa unyevu kidogo tu. Gundi ikizama baina ya nyuzi na kupigwa taa ya buluu inaganda humo humo, ndo tabaka la mchanganyiko alolieleza Nobuo Nakabayashi wa Japani na wenzake 1982. Isipofika chini, majimaji ya vijitundu yanachezacheza ukinywa baridi, mchomo huo. Siku hizi zipo gundi zenye asidi yake ndani, huoshi, mimi kwa dentini nazipenda zaidi.

Sasa karafuu. Watu wetu, khasa ndugu zetu wa Pemba, jino likiuma ni pamba na mafuta ya karafuu, na kweli yanatuliza, ile yujinoli yake, yani kemikali inayotuliza, hata sisi tunaitumia kwenye vizibo vya muda. Lakini yujinoli hiyo hiyo inazuia gundi na kompositi kuganda sawasawa, kwa hiyo ukija sema usione haya, tutasafisha zaidi kabla.

Na mate jamani! Tone moja likigusa dentini ilokwisha tayarishwa tunarudia kazi, kwa hiyo usifunge mdomo kutaka kutema, nyanyua mkono tu tutafyonza kwa mrija.

Ukitoka urojo ruhusa, kizibo kinaganda kwa taa hapo hapo, subiri ganzi iishe usije ukajitafuna mdomo. Mchomo mdogo wa siku za mwanzo hupungua wenyewe. Ukizidi, au jino likikuamsha usiku hata hujala kitu, rudi upesi, hapo pengine ni mshipa wa jino.